Stakabadhi namba 4113

Mzee alitoka Mvumi na alizeti yake, akapimiwa asubuhi, akapewa stakabadhi namba 4113, kilo 1,340. Siku tatu baadaye alirudi jioni kwenye mashine ya kukamua alizeti ya Kizota, Dodoma, kuchukua hela. Karani aliyekuwa zamu akaiingiza namba kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema 4113 ni ya mama mmoja wa Bahi, kilo 615. Mzee akatoa karatasi yake kwenye mfuko wa koti. Ina muhuri, ina sahihi. Kesho yake asubuhi mama wa Bahi naye akafika na karatasi yenye muhuri na sahihi, namba ileile, na safari hii kompyuta ikasema mzigo ni wa mzee wa Mvumi.

Mwenye mashine hakuita fundi kwanza. Aliwaita makarani wake wawili ofisini na kufunga mlango. Simlaumu. Kwenye alizeti, kilo zisipolingana, hakuna anayewaza kompyuta. Mtu anawaza lumbesa, anawaza mizani iliyochezewa, anawaza karani mwenye shemeji kijijini. Kijana wa zamu ya jioni aliambiwa apumzike nyumbani kwanza, na kila mtu pale anajua maana ya kupumzishwa katikati ya msimu.

Mimi nilipigiwa siku iliyofuata. "Fundi, kuna namna ya kuangalia nani kafuta?"

Hakuna aliyefuta. Na aliyesababisha yote hayo nilikuwa mimi, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuzima maswali ya usalama ya Windows, kile kisanduku kinachouliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko, kila nikikabidhiwa kompyuta ya ofisi.

Programu ya mizani

Ni programu ya zamani, imeandikwa kwa lugha ya Visual Basic 6, na aliyeiandika hapatikani tena. Inasoma uzito kutoka kwenye mizani kwa waya wa siriali, inaandika jina la mkulima na kilo kwenye faili la kumbukumbu la Access, inachapa stakabadhi. Ili kutoa namba mpya inaangalia namba ya mwisho ndani ya faili na kuongeza moja. Faili lenyewe linakaa kwenye folda ileile ya programu, ndani ya Program Files, folda ambamo Windows huweka programu, kama zilivyoandikwa programu nyingi za enzi za Windows XP, wakati karibu kila mtu alikuwa msimamizi wa kompyuta yake na programu iliandika popote ilipotaka.

Kwenye kompyuta ya kwanza, ya Windows 7, ilinisumbua kidogo. Nikafanya nilichokuwa nafanya kila mahali: nikaingia kwenye mpangilio wa maswali ya usalama, ule wenye ngazi 4, nikashusha mpaka chini kabisa, nikawasha upya kompyuta. Baada ya hapo programu ilikwenda bila kelele kwa miaka.

Kabla ya msimu kompyuta ile ikafa. Vumbi la Dodoma na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo vilikuwa vimeshaichosha pawasaplai. Ikaja nyingine, yenye Windows 10. Nikanakili folda nzima ya programu pamoja na kumbukumbu zote hadi stakabadhi 4086, nikasajili kwenye Windows vipande vinavyoitegemeza, nikashusha maswali chini kabisa kama zamani. Mizani ikagoma kusomeka. Nje kulikuwa na kirikuu mbili zimepaki na gunia juu, madereva wanapiga honi. Nikafanya mambo mawili kwa pamoja. Nilibadilisha namba ya mlango wa waya, maana adapta ya USB ilikuwa imejipa COM7 na programu inatafuta COM1. Halafu, kwa kujihakikishia, nikaenda kwenye ikoni ya programu pale mezani, yaani desktop, nikafungua sifa zake, sehemu ya Advanced, nikaweka tiki kwenye "Run as administrator".

Mizani ikasoma. Nikajiambia haki za msimamizi ndizo zilizosaidia.

Si kweli. Kusoma mlango wa siriali hakuhitaji kuwa msimamizi, akaunti yoyote ya kawaida inausoma. Kilichosaidia ni namba ya mlango. Kama ningebadilisha kimoja, nikajaribu, ndipo nikagusa cha pili, kisa hiki kisingekuwepo. Lakini mambo mawili yakibadilishwa kwa mpigo, fundi huishia kusifu lisilohusika.

Nilichokikuta

Nilifika asubuhi, nikafungua programu kwa ikoni ya mezani. Orodha iko sawa, mizigo ya asubuhi yote ipo, ya jioni hakuna hata mmoja. Nikamwuliza dada wa zamu ya asubuhi kama kila siku anaona hivyo. Akasema ndiyo, alidhani za jioni zinaandikwa kwenye daftari kwanza.

Nikaomba yule kijana aitwe. Alikuja amenuna, na alikuwa na haki ya kununa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kaa hapa, fungua kama unavyofunguaga siku zote." Mkono wake haukwenda kwenye ikoni ya mezani. Ulikwenda chini ya skrini, kwenye ikoni aliyoibandika mwenyewe kutoka kwenye menyu, kwa sababu jioni meza ya kompyuta inakuwa imefunikwa na madirisha ya hesabu za mashudu. Programu ikafunguka, sura ileile, jina lilelile juu. Ndani yake mizigo ya jioni ipo yote, na ya asubuhi hakuna hata mmoja. Na hapo ya kwangu ilikuwa bado wazi. Nikayaweka madirisha mawili ubavu kwa ubavu, namba 4113 kushoto ya mzee, namba 4113 kulia ya mama.

Mwenye mashine alisimama nyuma yetu. Hakusema kitu.

Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazotembea, sehemu ya Details, nikaongeza safu mbili ambazo kwa kawaida zimefichwa. Safu ya Elevated inaonyesha kama programu inatembea na haki kamili: ya ikoni ya mezani ilisema ndiyo, ya ikoni ya chini ilisema hapana. Safu ya pili, UAC virtualization (UAC ndiyo jina la mpango wenye yale maswali ya usalama), kwa ile ya chini ilionyesha Enabled, yaani imewashwa. Nilipoliona neno hilo nikajua faili la pili liko wapi hata kabla sijalitafuta.

Vitambulisho viwili

Tangu Windows Vista iliyoingia madukani mwaka 2007, mtu mwenye akaunti ya usimamizi akiingia kwenye kompyuta hupewa vitambulisho viwili kwa mpigo. Kimoja ni kamili. Cha pili kimepunguzwa, kinalingana karibu na cha mtumiaji wa kawaida, na hicho ndicho kinachotumika kwa kazi za kila siku: meza ya kompyuta inafunguliwa nacho, na kila unachokibofya hapo kinarithi hichohicho. Kitambulisho kamili kinabaki mfukoni mpaka programu ikiombe, au wewe ukiombee. Hapo ndipo skrini hufifia na kile kisanduku cha Ndiyo na Hapana kinajitokeza.

Watu wengi, nami nikiwemo, tulikiona kisanduku hicho kama mlinzi msumbufu getini. Kwenye Vista kilikuwa kinauliza mno, na Windows 7 ya mwaka 2009 ikaleta zile ngazi 4 ili watu wapumue. Sasa kwenye Windows 7, kushusha mpaka chini kabisa kulizima mpango wote. Kwenye rejistri, ghala la mipangilio ya Windows, thamani iitwayo EnableLUA ilikuwa sifuri, na ndiyo maana ilitaka kompyuta iwashwe upya. Vitambulisho viwili vikawa kimoja. Kila unachofungua kina haki zote, utake usitake.

Windows 8, mwaka 2012, ikabadilisha maana ya ngazi hiyohiyo ya chini. Sura ya ule ukurasa haikubadilika vya kutosha mtu kushtuka. Ila sasa EnableLUA inabaki moja, na kinachobadilika ni thamani nyingine, ConsentPromptBehaviorAdmin, inayokwenda sifuri. Maana yake: vitambulisho viwili vipo palepale, programu ya kawaida inafunguka na kile kilichopunguzwa kama siku zote, ila inayoomba haki kamili inapewa kimyakimya. Ndiyo maana kompyuta mpya haikuniomba kuiwasha upya. Nililiona hilo siku ile, nikafurahi kwamba Windows imekuwa nyepesi.

Kwa hiyo pale Kizota tulikuwa na njia mbili za kufungua programu moja. Ya mezani, yenye tiki yangu, ilikuwa inaomba haki kamili na kupewa bila mtu kuona. Ya chini ilikuwa haiombi. Kwa macho hazina tofauti. Kama maswali yangekuwa yamewashwa, dada wa asubuhi angeulizwa kila siku kama anairuhusu programu ifanye mabadiliko, na kijana wa jioni asingeulizwa hata mara moja. Makarani wale wanapishana mlangoni saa nane kila siku na wanaongea kuliko redio, siku ya pili tu mmoja angemwuliza mwenzake, "Kwako nako inauliza?" Kisanduku kile, pamoja na ulinzi wake mdogo, ndicho peke yake kilichokuwa kinamwambia mtu programu imefunguka na haki zipi. Nilipokizima niliacha milango miwili inayofanana kabisa.

Nasema ulinzi wake mdogo kwa makusudi. Microsoft wenyewe hawakihesabu kisanduku hicho kama mpaka kamili wa usalama. Lakini kukizima kwenye kompyuta ambayo kila mwenye flashi anaichomeka kuomba achapiwe barua, hilo nalo nililifanya.

Faili la pili

Kwa nini haki tofauti zikafungua kumbukumbu tofauti? Mwenye kitambulisho kilichopunguzwa haruhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Walipotengeneza Vista walijua programu za zamani zingekufa zote kwa sheria hiyo, wakazifanyia ujanja: programu ya biti 32 isiyo na tamko lolote ndani yake kuhusu haki inazotaka, ikijaribu kuandika pale, haikataliwi. Windows inalinakili faili husika kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji, chini ya AppData, Local, VirtualStore, na kuanzia hapo programu inasoma na kuandika nakala hiyo huku ikiamini iko Program Files. Inayotembea na haki kamili haifanyiwi ujanja huo, inagusa faili halisi.

Jioni ya kwanza kijana alipofungua programu kwa ikoni yake, faili lenye stakabadhi 4086 likanakiliwa. Tangu hapo, dada akaandika 4087 kwenye faili halisi, kijana akaandika 4087 kwenye nakala, na kila mmoja akaendelea na hesabu yake. Siku za mwanzo wakulima wengi walilipwa na karani yuleyule aliyewapimia, ndiyo maana haikuonekana. Mzee wa Mvumi alikuwa wa kwanza kupimiwa asubuhi na kurudi jioni.

Kwenye Windows 7 ya zamani hili lisingetokea, na si kwa sababu nilikuwa fundi hodari zaidi. Pale mpango wote ulikuwa umezimwa, na ujanja wa VirtualStore ulizimika nao.

Jibu la haraka, na kwa nini nililiacha

Mwenye mashine aliposikia hivyo akauliza swali la maana: "Si uirudishe iwe kama ile ya zamani?" Inawezekana. Ningeandika sifuri kwenye EnableLUA, nikawasha upya kompyuta, na ikoni zote mbili zingefungua faili moja kabla ya chai ya saa nne. Nakiri mkono uliwasha. Ila mizigo ya jioni yote ingepotea machoni papo hapo, kwa sababu programu ingerudi kwenye faili halisi na kuacha nakala imelala kwenye folda iliyofichwa. Mambo yangekuwa mabaya zaidi kwa kijana. Na baada ya hapo kila kinachofunguliwa kwenye kompyuta ile, kivinjari, kiambatisho cha barua pepe, kitu chochote kwenye flashi ya dereva, kingetembea na funguo zote za nyumba.

Nilianza kwa kusimamisha kazi. Programu ikafungwa, nikanakili mafaili yote mawili kwenye flashi mbili, makarani wakarudi kwenye kitabu cha stakabadhi na karatasi ya kaboni kwa siku nzima. Kuunganisha kumbukumbu hakukuwa kugumu kama nilivyoogopa, kwa kuwa kila mzigo ulikuwa na tarehe na saa, na zamu hazigongani. Namba tu ndizo ziligongana. Tukakubaliana za asubuhi ziongezewe herufi A, za jioni herufi J, tukazikagua moja moja dhidi ya vipande vya stakabadhi vilivyobaki ofisini. Dada anasoma, kijana anatiki, mimi naandika. Zilipatikana zote. Mzee akalipwa kilo 1,340, mama wa Bahi 615.

Kuhamisha data ndiko kulikonitoa jasho. Programu ina faili dogo la ini linaloielekeza data iko wapi. Nikafungua Notepad kwa haki kamili, nikabadilisha njia iende kwenye folda mpya, C:\Mizani, nikahifadhi. Nikafungua programu kwa njia ya kawaida: bado inasoma kwa zamani. Nikarudia. Vilevile. Karibu nusu saa nikiitazama skrini kabla ya kukumbuka kwamba programu ile huandika ini yake kila inapofungwa, kwa hiyo ini nayo ilikuwa na nakala yake VirtualStore, na ndiyo iliyokuwa inasomwa. Nilikuwa narekebisha faili ambalo halisomwi na mtu. Nikaziondoa nakala zote mle, baada ya kuzihifadhi kwingine, na mambo yakanyooka.

Kisha nikaipa folda hiyo, na hiyo peke yake, ruhusa ya kuandikwa na watumiaji wa kawaida:

icacls "C:\Mizani" /grant Users:(OI)(CI)M

Hicho ndicho programu ilichokuwa inahitaji tangu siku ya kwanza. Haikuhitaji msimamizi, ilihitaji folda ya kuandikia. Usajili wa vipande vyake unahitaji haki kamili kweli, ila ni mara moja tu, siku ya kuiweka.

Makarani nikawafungulia akaunti za kawaida, kila mmoja yake. Akaunti ya usimamizi ikabaki moja, nywila yake anayo mwenye mashine. Maswali nikayarudisha kwenye ngazi yake ya kawaida. Tiki yangu nikaiondoa. Mwisho nikazima ule ujanja wa VirtualStore kwa kuweka EnableVirtualization sifuri, ili siku programu ikijaribu tena kuandika mahali isiporuhusiwa ipige kelele ya kosa mbele ya karani. Nilijaribu kwa akaunti zote mbili, mizigo miwili ya majaribio, Task Manager ikiwa wazi pembeni: Elevated hapana, na data mahali pamoja.

Ipo programu nyingine niliyowahi kukutana nayo, kwenye stesheneri moja Area C, ambayo kweli haifanyi kazi bila haki kamili na mwenye ofisi hataki kuulizwa kila saa. Pale sikuzima maswali ya kompyuta nzima. Niliitengenezea kazi kwenye Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows, nikaweka tiki ya "Run with highest privileges", na ikoni ya mezani ikawa inaiita kazi hiyo kwa amri ya schtasks /run. Programu moja inapita bila swali, nyingine zote zinaulizwa. Inafaa pale ambapo anayeitumia ni msimamizi mwenyewe; kwa karani mwenye akaunti ya kawaida haiendi hivihivi. Na kabla ya kufika huko siku hizi naanza kwa kuuliza programu inataka kuandika wapi.

Wiki mbili baadaye nilipita Kizota kuangalia printa. Kijana alikuwa zamu. Ukutani, juu ya mizani, ndani ya mfuko wa nailoni usiingize vumbi, kulikuwa na karatasi aliyoniomba nimchapie siku ile: picha ya skrini yenye madirisha mawili na 4113 mbili. Nikamwuliza kwa nini hajaitoa. Akasema mwenye mashine ndiye aliyeibandika.